Re: Landrova inamwaga oili, na Arusha inanisubiri

Wa South C aliandika:

Wakuu, habari za wikendi. Landrova yangu 110, injini ya 300Tdi, imeanza kumwaga oili. Nikiilaza usiku, asubuhi nakuta dimbwi pale injini inapokutana na giaboksi, na mlinzi wa fleti keshaanza kuninunia. Fundi wa mtaani kaitazama bila hata kulala chini, anasema ni sili ya nyuma ya krenki (pete inayozuia oili isipite pale mhimili wa injini unapotokea), giaboksi ishushwe kesho. Mwisho wa mwezi tuna arobaini ya baba mdogo Arusha. Nimpe kazi?

Wa Rongai alijibu:

Poleni sana kaka kwa msiba. Usimpe bado. Sili yenyewe si ghali, utakacholipia ni kushusha giaboksi na kuirudisha. Ukishalipa halafu ukute oili ilikuwa inatoka juu, utalia.

Gasketi ya kava ya tapeti (mfuniko wa juu ya injini) ikichoka, oili huteremka nyuma ya injini ikadondokea palepale. Pampu ya vakyumu (ya kusaidia breki), swichi ya presha ya oili na pale chujio linapofungwa nako huvuja. Kwa hiyo ioshe kwanza: dizeli na brashi, kisha maji na sabuni, iache ikauke. Ipulizie poda ya mtoto (ndiyo, ile ya bafuni), piga Magadi Road kidogo, rudi uingie chini na tochi. Utauona mchirizi ulikoanzia.

Chini ya kasha la klachi kuna tundu la plagi. Plagi hiyo hufungwa tu ukienda kuvuka maji mengi. Kama imo, itoe, weka chombo chini. Kikitoka kitu cheusi, ni oili ya injini. Kikiwa chepesi na chekundu, ni ya giaboksi, na sili ya kubadilisha ni nyingine kabisa. Mbele, kwenye kava ya mkanda wa taimingi (unaopatanisha mwendo wa vali na pistoni), kuna tundu kama hilo. Huko kukidondoka oili, Arusha sahau mpaka utengeneze: mkanda ukilowa huharibika, na ukikatika pistoni zinagonga vali.

Halafu kipumulio cha injini, yaani njia ya kutolea hewa iliyo ndani yake. Kikiziba, presha hujaa ndani na kusukuma oili popote penye udhaifu, hata sili mpya haitadumu. Kifungue, kioshe kwa petroli, kagua na mpira wake.

Dada wa Donholm aliongeza:

Asikudanganye mtu kwamba taa ya oili itakuonya mapema. Ile inasoma presha, si kiasi, ikiwaka mmeshafika pabaya. Pima kwa stiki kila asubuhi. Na zile dawa za chupa za kuziba mvujo, mie sizitaki kabisa.

Wa South C:

Ahsanteni. Nimeosha, nimepuliza poda. Juu ni kukavu, kipumulio kina uchafu ila hakijaziba, na tunduni inatoka nyeusi tii. Fundi alipatia, ingawa kwa kubahatisha.

Wa Rongai:

Basi ishushwe. Ulizia Kirinyaga Road sili inayokuja na fremu yake, ikiwa na kikombe cha plastiki cha kuipitisha kwenye krenki. Kikombe hakimo, usinunue. Mdomo wa sili usiguswe kwa vidole, usipakwe oili wala grisi, huvishwa mkavu juu ya krenki iliyofutwa safi. Hapo simama umwangalie, maana mkono wa fundi huenda kwenye kopo la grisi wenyewe.

Sahani ya klachi ikishalowa oili haifai, hata ukiiosha. Weka mpya pamoja na beringi yake. Jambo jingine, foki ya klachi ya 300Tdi (mkono unaosukuma beringi hiyo) ni bati jembamba, na kile kinundu inachoegemea huitoboa. Kabla giaboksi haijarudi, ichomelewe kipande cha chuma mgongoni au ununue iliyoimarishwa. Ikitoboka Namanga, utashusha giaboksi upya, tena kando ya barabara.