Sims 2: Seneta wangu kafukuzwa kazi kwa kadi moja tu, huu ni uonevu

Wakuu, habari za usiku. Nina hasira na hili gemu tangu Jumamosi. Nilidhani nikilala itapoa, haikupoa, kwa hiyo naileta hapa. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu.

Nazungumzia Sims 2, gemu la kompyuta la kuendesha maisha ya watu wa kubuni, lile lililotoka 2004 na kurudishwa sokoni Januari 2025, mfululizo wake ulipotimiza miaka 25. Nililicheza nikiwa sekondari kwenye kompyuta ya kaka yangu, na liliporudi nikalinunua kwa hela yangu halali, nikalishusha usiku kucha kwa bando la intaneti. Nasema haya ili mjue kwamba anayelalamika hapa ni mtu anayelipenda hili gemu kwa dhati. Ningekuwa silipendi ningelifuta yakaisha.

Nina ukoo mmoja ninaoucheza, sasa uko kizazi cha tatu. Bibi alikuwa mpishi, mtoto wake akaenda jeshini, na mjukuu, Mwanasha, tangu akiwa kijana alitaka kitu kimoja: awe Meya. Hiyo ndoto sikumpa mimi. Gemu lenyewe ndilo lililomwandikia kama ndoto yake ya maisha, nikasema sawa, mwanangu, twende.

Kwa wasioijua, kazi ya siasa humo ndani ina ngazi 10. Unaanza kama mfanyakazi wa kampeni, unapita uanagenzi, ushawishi, umeneja wa kampeni, udiwani, ubunge wa jimbo, ubunge wa taifa, ujaji, useneta, na juu kabisa Meya. (Kwa nini meya akae juu ya seneta na jaji, na jaji anafanya nini katikati ya ngazi ya wanasiasa, sijawahi kuelewa. Ila hilo nalisamehe.) Kila ngazi ina masharti yake: ujuzi fulani ufike kiwango fulani, uwe na marafiki wa kutosha, na uende kazini ukiwa na furaha. Ukikosa kimoja unabaki hapohapo hata mwezi.

Mwanasha hakukosa hata kimoja. Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo cha bafuni akahutubia peke yake, mkono juu, mkono chini, mpaka haiba ikafika 10 kati ya 10. Jioni meza ya chesi, ya kukuza mantiki. Usiku simu, maana marafiki humo wasipopigiwa urafiki unashuka wenyewe, na mwanasiasa bila marafiki hapandi. Nimempikia, nimemlaza, nimemwahirishia harusi. Utu uzima wote wa mtu katika hili gemu ni siku 29 tu. Alipofika useneta alikuwa amebakiwa na siku 8 aingie uzeeni. Zilikuwa zinatosha. Nilipiga hesabu mara mbili, zilikuwa zinatosha.

Sasa Jumamosi. Gari la kazini limekuja, limepiga honi, kapanda amevaa suti yake. Kwenye paneli ya matamanio na hofu, chini ya skrini, kulikuwa na kale kapicha ka hofu ya kufukuzwa kazi, kamekaa na wekundu wake. Nilikaona. Sikukajali, maana mtu mwenye rekodi kama yake anafukuzwa kwa lipi? Nikaongeza kasi ya muda ili zamu iishe.

Katikati ya zamu ikatokea kadi.

Mliowahi kucheza mnazijua hizi kadi. Zinakuja mtu wako akiwa kazini: maelezo mafupi ya jambo lililomtokea, halafu majibu mawili uchague moja, au upuuze. Yangu ilikuwa na njia mbili, moja ya kujitosa, nyingine ya kwenda taratibu kwa tahadhari. Nilisimamisha muda. Nilifikiri jamani, nilifikiri kweli, labda dakika kumi. Nikamwita mke wangu, ambaye hachezi magemu kabisa, nikamsomea kwa Kiswahili. Akasema, "Baba Salma, huyo ni mtu mkubwa, asikurupuke." Maneno ya busara. Tukachagua tahadhari.

Akafukuzwa kazi.

Yaani hakupewa onyo, hakukatwa hela, hakushushwa ngazi. Kazi imekwisha. Maandishi ya mistari michache, kitufe kimoja cha kukubali, na Mwanasha yuko njiani kurudi nyumbani. Nilipofungua orodha ya kumbukumbu zake nikaikuta pale mwishoni, kufukuzwa kazi, imezungushiwa mstari mwekundu, imekaa jirani na kumbukumbu ya kuzaliwa mtoto wake. Atazeeka nayo. Mke wangu alikuwa bado amesimama nyuma ya kiti, akaniuliza, "Kwani tulikosea wapi?" Sikuwa na jibu. Na hilo ndilo linaloniuma kuliko hata kazi yenyewe: kwamba sina jibu.

Maana hebu tuulizane. Jibu moja katika kadi hizi lina sura mbili, linaweza kukupandisha cheo na linaweza kukumaliza. Kadi yenyewe haikuambii inatazama nini. Kama inatazama haiba, haisemi. Kama inatazama mantiki, haisemi. Kama ni kete tu inarushwa huko ndani, nayo haisemi. Mimi mchezaji napewa hadithi fupi na vitufe, naambiwa niamue, kisha nabebeshwa lawama ya uamuzi. Uamuzi gani huo? Mtu anayevuka barabara kubwa anaangalia kushoto na kulia, anapima umbali wa lori, ndipo anakwenda au anasubiri. Akigongwa tunasema alipima vibaya. Ukimfunga kitambaa usoni, ukamwambia chagua mguu wa kutangulia, huwezi kusema amefanya uamuzi wa hatari. Umemtupa barabarani.

Na kwa nini nalia na siasa hasa, wakati kadi ziko kwenye kazi zote? Kwa sababu siasa ndiyo kazi ambayo kuanguka kwake kuna ngazi nyingi kuliko kupanda. Mpishi akiunguza jiko la mwajiri anaweza akafukuzwa jioni hiyohiyo, naelewa. Mwanasiasa haendi hivyo. Kuna tetesi, kuna kuitwa na wakubwa, kuna kamati, kuna kujieleza, kuna kuhamishwa, kuna kujiuzulu kwa heshima, na kuna kurudi.

Chukueni mfano wetu wa nyumbani. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu 1977 kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa polisi kule Mwanza na Shinyanga. Hakuwa yeye aliyewapiga, alibeba dhamana ya ofisi yake. Hakuishia hapo. Akapelekwa kuwa balozi Misri, akarudi, Januari 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na Novemba 1985 akaapishwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Kuwajibika kulikuwa sehemu ya safari yake ya kisiasa. Watu walikumbuka namna alivyoondoka. Sasa nionyesheni mahali katika Sims 2 ambapo namna mtu alivyoanguka inahesabika. Hakuna. Seneta aliyeamua kwa tahadhari na aliyekurupuka, wote wanarudishwa nyumbani na maandishi makavu.

Halafu wale marafiki! Hili nalo linanitoa machozi. Gemu limenilazimisha nitafute marafiki kila ngazi, nimewaita chakulani, nimewapigia simu usiku, nimewavumilia wanaokuja kukaa mpaka saa nane. Bila wao hupandi. Siku ya mtihani hakuna hata mmoja anayeonekana. Hakuna wa kusema "mpeni nafasi ajieleze". Kama marafiki ni mtaji wa siasa wakati wa kupanda, iweje wasiwe mtaji wakati wa kuteleza? Kila mtu aliyewahi kuishi karibu na siasa, hata siasa za serikali ya mtaa tu, anajua kwamba hapo ndipo marafiki wanapohitajika.

Najua mtakayosema. "Mkuu, ungepuuza kadi." Nimeshaambiwa hivyo na jamaa wawili. Sawa, kupuuza kupo na hakukudhuru. Ila kupuuza pia kunakunyima kile kizuri, na kama jibu sahihi la kila uamuzi mgumu ni kuufumbia macho, basi kadi hazina kazi, ziondolewe. Sikuchagua siasa ili mtu wangu akae kimya kila anapoulizwa.

"Ungetoka bila kusevu." Hili ndilo linalonichefua kabisa. Sims 2 halihifadhi lenyewe, ni kweli, ningeweza kuzima na kurudi asubuhi ile. Lakini nilikuwa sijahifadhi tangu juzi yake, na kati ya hapo mtoto wake alikuwa amezaliwa. Nizime ili nipate kazi, nimpoteze mtoto? Akizaliwa tena hatakuwa yule. Na hata ningekuwa nimehifadhi dakika ile, gemu linalokufundisha kukimbia kila matokeo mabaya limeharibu kitu kizuri kuliko vyote lilivyonavyo, kwamba maisha ya humo yanakwenda mbele na yanabaki.

"Tafuta orodha ya majibu mtandaoni." Zipo, watu wamekaa wakaorodhesha kadi kwa kadi. Nawaheshimu kwa kazi hiyo. Lakini nikishafungua orodha pembeni, mimi si mchezaji tena, ni karani.

Tena watengenezaji hawawezi kusema jambo hili haliwezekani. Gemu la kwanza, la mwaka 2000, kadi zake zilikuwa za taarifa tu: jambo limekupata, pole au hongera. Hapo hakuna anayekudanganya kwamba umeamua. Sims 3 la 2009 likaja na utaratibu mwingine, kazini unaletewa fursa: jukumu ni hili, muda ni huu, ukifaulu utapata hiki. Unakubali au unakataa ukiwa na macho. Na mwanasiasa wa humo anapimwa pia kwa michango ya kampeni anayoikusanya, kitu unachokiona na kukihesabu. Sisemi Sims 3 ni bora kwa kila kitu, mitaa yake hainivutii kama hii. Ila kwa hili la kumheshimu mchezaji, lilipiga hatua.

Ninachotaka hakihitaji muujiza. Kadi ioneshe ni ujuzi gani unaoguswa, hata kwa alama ndogo pembeni. Kufukuzwa moja kwa moja kuondolewe kwa mtu aliyefika ngazi za juu, kosa la kwanza limshushe ngazi. Kushushwa ngazi tayari kumo ndani ya gemu, si kitu cha kubuni upya! Na marafiki wahesabiwe pale anapoyumba. Wanaotengeneza marekebisho ya magemu humu jukwaani, kama kuna anayeweza kuandika kitu cha namna hiyo kwa ajili ya kadi za siasa peke yake, nipo tayari kukijaribu kwenye mtaa wangu, hata kama kitaharibu faili mara ya kwanza.

NYONGEZA, saa tano usiku: wengi mmeuliza Mwanasha yuko wapi sasa. Siku ya kwanza nilifungua gazeti la asubuhi la humo ndani, lenye nafasi za kazi, siasa haikuwemo. Siku ya pili gazeti na kompyuta ya nyumbani kwake, haikuwemo. Hapo nilianza kuogopa kweli, kwa sababu mzee aliyeingia uzeeni bila kazi anapewa vile vibarua vya ngazi tatu tu, lakini aliyeingia nayo anaruhusiwa kuendelea nayo. Leo jioni, zikiwa zimebaki siku 5, siasa ikatokea kwenye kompyuta. Mfanyakazi wa kampeni, ngazi ya kwanza. Nimeichukua. Ana haiba 10, ana marafiki wote wale, na gari lililokuja kumchukua asubuhi ya humo si lile la seneta, ni kijigari kidogo kimechakaa. Kasimama kidogo mlangoni, kapanda.

Siku 5 hazitoshi kufika meya akiwa mtu mzima, nimeshapiga hesabu. Ila mzee anayeendelea na kazi yake anaweza kupanda, kwa hiyo atafika akiwa na mvi. Kadi ikitokea tena nitaisoma mpaka mwisho, na nitachagua. Anayejua namna ya kuweka marekebisho niliyoyasema aniandikie hapahapa chini.