Wakuu, nivilinde vipi visu vyangu na watu wa nyumbani?

Mpasua Kitunguu

Heshima kwenu wakuu. Naomba ushauri, na wenye kucheka wacheke kwanza wamalize.

Napenda kupika na napenda kisu kinachokata. Nina vitatu vya maana: kikubwa cha Kijapani cha chuma kigumu, kidogo cha kumenyea, na kimoja cha chuma cha kaboni ambacho lazima nikifute kila baada ya kukitumia, maana ukikiacha na maji kidogo tu kinashika kutu. Nanoa mwenyewe kwa jiwe. Vikiwa mikononi mwangu havina tatizo. Nikitoka tu jikoni, vita vinaanza.

Mke wangu anakatia juu ya sahani. Sahani ya kauri! Ile sauti ya kwaru kwaru naisikia nikiwa sebuleni na meno yananiuma. Kijana wangu mkubwa anafungulia makopo kwa ncha ya kile kidogo, na ncha yenyewe imeshakatika. Mama mkwe, ambaye tuko naye kwa sasa na ambaye siwezi kumwambia neno, anapasulia mifupa kwa kile cha Kijapani. Kile cha kaboni naye hukisugua kwa waya wa masufuria, kisha anakizamisha kwenye sinki lenye povu pamoja na vyombo vingine. Mpini wake wa mbao umevimba. Cha Kijapani kina mapengo mawili karibu na kisigino (mwisho wa makali upande wa mpini), moja ukipitisha ukucha unanasa.

Nimesema, nimeonyesha, nimebandika hadi karatasi ukutani. Jibu ni lilelile: "Kisu ni kisu tu." Nawaza kununua sanduku la kufuli. Mke anasema nikithubutu, nitapika peke yangu mpaka uzee. Nifanyeje bila kuvunja nyumba?

Kimya Kingi

Kufuli. Uzi ufungwe.

Mama Wawili

Kaka pole, ila niseme kwa niaba ya mkeo, maana kwangu mimi ndiye huyo mkata sahani.

Kwanza nijibu: ubao wa kukatia unakaa wapi? Sisi tulikuwa na ubao mmoja mzito, mzuri, umesimamishwa nyuma ya jokofu. Sasa nataka kukata nusu limau, niutoe ule mzigo, niukatie, niuoshe, niukaushe, niurudishe? Sahani iko hapo mkononi. Mume wangu alilalamika wee, hakuna kilichobadilika. Siku alipoleta kibao kidogo chepesi cha plastiki akakitundika msumarini, palepale ninaposimama, habari za sahani ziliisha bila mtu kuniambia kitu.

Pili, vile visu vingine vya nyumbani vina hali gani? Kama ni butu kiasi kwamba nyanya inapondeka badala ya kukatika, unategemea nani avishike wakati chako kinang'aa pembeni? Noa na vya kwao. Wakiwa na kisu kinachokata, hawatakuwa na sababu ya kugusa chako.

Fundi Kinoo

Mama Wawili amemaliza nusu ya kazi. Mimi niseme upande wa chuma, kwa sababu mkuu unalalamikia makosa manne kana kwamba ni moja, na kila moja lina dawa yake.

Visu vingi vya jikoni vya Kijerumani vina ugumu wa kama 54 hadi 58 kwa kipimo cha Rockwell. Vya Kijapani vingi vinaanzia 60 kwenda juu. Ugumu huo ndio unaokuruhusu kunoa kwa pembe nyembamba, nyuzi 15 hivi kila upande, na makali yakadumu. Gharama yake ni kwamba chuma kigumu hakipindi, kinamegeka. Kisu laini kikigonga mfupa, makali yanalala upande; unayapitisha kwenye chuma cha kunolea yanasimama, kazi inaendelea. Chako kikigonga mfupa kinadondosha kipande. Kwa hiyo mama mkwe anafanya kazi halali kwa kifaa kisicho chake. Nyama iliyoganda nayo usiisahau, inafanya uharibifu uleule.

Sahani ni habari nyingine. Kauri na kioo havibonyei hata chembe, kwa hiyo kinachobonyea ni makali. Mikato michache tu inatosha kuyaua. Marumaru ni hivyo hivyo, na wale wanaouza vibao vya kukatia vya kioo sijui walikuwa wanamfikiria nani. Mbao na plastiki zinayaacha makali yazame kidogo, ndiyo maana ubao mzuri huwa na michirizi. Na waambie wakimaliza kukata, wakusanye vitunguu kwa mgongo wa kisu, sio kwa kukwangua ubao kwa makali. Hilo watu wengi hawalijui na linaua kisu kimyakimya.

Mambo ya sinki: chuma kinachoitwa cha kutoshika kutu kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Hata hicho kikilala kwenye maji ya chumvi kinaweza kupata vidoa na vishimo. Cha kaboni hakina kinga hiyo kabisa. Mpini wa mbao unanyonya maji, unavimba, ukikauka unapasuka. Mwenye mashine ya kuoshea vyombo aelewe kwamba sabuni yake ni kali, joto ni kubwa, na visu vinagongana na vyombo humo ndani. Kisu kizuri kioshwe kwa mkono, kifutwe, kirudi mahali pake.

Lakini ukitaka mama asikizamishe, usimweleze habari za kromiamu. Mwambie kisu kilicho chini ya povu hakionekani, na atakayeingiza mkono baadaye anaweza kuwa mjukuu. Hapo utasikilizwa.

Mkata Nyama

Kwenye mifupa naongezea. Mnunulie mama kisu chake kizito cha kupasulia, kile kipana chenye mgongo mnene na makali manene. Mkabidhi kama zawadi, umwambie ni chake peke yake. Usitaje visu vyako hata kidogo kwenye mazungumzo hayo. Ukitaja tu umeharibu, ataona umemnunulia adhabu.

Bila Haraka

Mimi cha kwangu nakivalisha ala, nakizungushia kitambaa, nakiweka kabatini chumbani chini ya nguo. Amani tele.

Mama Wawili

Bila Haraka, siku mtoto akivuta hizo nguo kutafuta soksi utatueleza amani iko wapi.

Bila Haraka

Kina ala dada. Na kabati lina ufunguo.

Mama Wawili

Basi sema lina ufunguo tangu mwanzo.

Fundi Kinoo

Tusigombane. Kuficha kunafanya kazi kwa kisu kimoja cha heshima unachokitoa kwa shughuli maalumu. Kwa kisu cha kila siku, kikikaa mbali hata wewe mwenyewe utaanza kushika vile vya droo. Kinachosaidia ni utepe wa sumaku ukutani, juu kuliko mkono wa mtoto unapofika, visu vyako juu na vya familia kwingine kabisa, mahali rahisi zaidi. Mtu mwenye haraka huchukua cha karibu.

Tahadhari moja kwa sumaku: usikibandike kisu kwa kukigonga makali. Gusisha mgongo kwanza, kisha kilaze taratibu. Ukikitoa, kizungushe kwanza, makali ndiyo yaachane na sumaku mwanzo na mgongo ubaki umegusa hadi mwisho. Nimeona watu wana visu vya bei kali na wanaviharibu kwenye hicho kitu walichonunua kuvilinda.

Mpasua Kitunguu

Wakuu nimesoma yote. Mama Wawili, mke wangu kasoma jibu lako kwa sauti hadi wa sebuleni wakasikia, sasa hivi wewe ni dada yake. Ubao wetu uko kabati la chini, chini ya sufuria kubwa, kwa hiyo kibao cha msumarini kinakuja. Kisu cha mama nacho nimeshakubali, na kitabaki siri.

Kijana ndiye kichwa ngumu. Na Fundi, naomba unisaidie na yale mapengo, na hicho kidogo kilichokatika ncha. Ncha iliyopotea ni kama milimita mbili. Nikitupe?

Mkata Nyama

Kijana mpe jiwe la kunolea. Anoe mwenyewe, asote jioni nzima. Hatagusa kopo tena.

Kimya Kingi

Wangu nilimpa jiwe. Sasa ananoa vizuri sana, halafu anafungulia makopo.

Kilichosaidia ni kifungulio cha makopo chenye kamba, kimefungwa kwenye mpini wa kabati la makopo. Na mkasi wa maboksi kwenye droo ya juu. Hakuna falsafa hapo.

Fundi Kinoo

Usitupe kitu.

Mapengo kwanza. Kama ni madogo ya kuonekana tu kwenye mwanga, yaache, yataisha yenyewe kadiri unavyonoa. Hilo linalonasa ukucha ndilo la kushughulikia. Chukua jiwe la namba ndogo (namba ikiwa ndogo jiwe linakwaruza zaidi), 220 hadi 400, lilowe kama ni la maji. Kisimamishe kisu wima, makali yameelekea chini, na ukivute juu ya jiwe kana kwamba unalikata. Ndiyo, unakiua makusudi. Vuta polepole urefu wote, sio penye pengo peke yake, la sivyo utaacha shimo na kisu hakitagusa ubao vizuri. Endelea mpaka pengo liishe. Ukikitazama chini ya taa utaona mstari mwembamba unaong'aa kwenye makali. Huo ndio ubutu wenyewe.

Sasa kilaze kwa pembe yako ya kawaida, unoe upande mmoja mpaka kidole gumba, kikipita kutoka mgongoni kuelekea makali upande wa pili, kinaguswa na kijikunjo chembamba cha chuma. Usipite sambamba na makali, utajikata. Geuza, fanya hivyohivyo. Ule mstari unaong'aa ukishapotea wote, hamia 1000, halafu 3000 au zaidi ukitaka. Kazi ni ya subira, weka redio.

Mashine ya umeme ya kusagia usiiruhusu ikaribie. Makali membamba yanapata moto haraka, na yakigeuka rangi ya bluu ujue ugumu umekwenda. Vile vinoleo vidogo vya kuvuta kisu katikati ya meno mawili ya chuma navyo si vya kisu kigumu kama chako, vinayamega makali upya.

Ncha sasa, na hapa wengi wanakosea: wanasaga kutoka upande wa makali, kisu kinabaki na pua iliyoelekea juu na mkunjo wake unaharibika. Saga kutoka mgongoni. Kilaze mgongo juu ya jiwe lilelile la namba ndogo, au tumia tupa nzuri kama chuma si kigumu sana, ukiushusha mgongo kwa mteremko mpaka ukutane na makali pale yalipokatikia. Makali huyagusi kabisa. Milimita mbili ni kazi ya muda mfupi, kisu kitakuwa kifupi kidogo na mgongo utakuwa na bega dogo ambalo hakuna atakayeliona isipokuwa wewe.

Mpasua Kitunguu

Hapo kwenye kusaga mgongo, nisage kavu au kwa maji?

Fundi Kinoo

Kama jiwe ni la maji, kwa maji. Na ufute kila baada ya muda uangalie, usije ukapitiliza.