Ukimtumikia Mungu kwa moyo wote, watu wakijua ni kosa?

Jiwe Hai: Wapendwa, nisaidieni. Kuna dada kanisani huwahi kabla ya watu, anafuta viti na kusafisha vyoo. Juzi mchungaji kamsifu ibadani, dada akanuna: "Umenipokonya thawabu yangu." Mathayo 6 inataka mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Lakini sura ya 5 inasema nuru yenu iangaze mbele ya watu. Tushike lipi?

Mama Tumaini: Yote mawili. Katika 5:16 anayetukuzwa ni Baba, kwenye sura ya 6 anayetafuta sifa ni mtu. Ila huyo dada, kama thawabu anaijua mpaka anaona imepungua, basi alikuwa anaihesabu.

Fundi: Mnyenyekevu hanuni akisifiwa. Ndiyo kama hawa wa benchi la nyuma: kanisa nusu tupu, wao wamejibana ukutani wakingoja kubembelezwa waje mbele. Kiburi kimeinamisha kichwa tu.

Nyuma Kabisa: Hapo umenigusa. Nakaa nyuma mwaka wa 11 sasa. Luka 14, Yesu mwenyewe kasema keti nyuma!

Fundi: Malizia mstari wa 10. Anaketi nyuma, mwenye karamu anamwita mbele, anapata heshima. Unaona?

Nyuma Kabisa: Nina mtoto mchanga, kaka. Akianza kulia natoka bila kuruka miguu ya watu. Wewe umewahi kubeba mtoto ibadani hata siku moja?

Fundi: Miaka 11, mtoto mchanga?

Nyuma Kabisa: Ni wa nne!!

Mzee Simeoni: 😂 Turudi kwenye hoja. Kujitoa kwa moyo wote hakufichiki. Mariamu Magdalena alivunja chupa ya marhamu ya dinari 300, nyumba nzima ikanukia.

Mama Tumaini: Mzee, huyo ni Mariamu wa Bethania, Yohana 12. Na Yohana hasemi alivunja kitu, kibweta kinavunjwa Marko 14.

Mzee Simeoni: Haya, Bethania. Lakini dinari moja ni kibarua cha siku nzima, kwa hiyo pale umemwagwa karibu mshahara wa mwaka mbele ya wageni. Yesu kasema mwacheni. Aliyelalamika kwa jina la maskini ni Yuda, mshika mfuko.

Fundi: Kwa hiyo mimi ndiye Yuda?

Mzee Simeoni: Nani kakutaja?

Jiwe Hai: Jamani, swali langu. Tangu siku ile dada hajarudi kusafisha.

Mama Tumaini: Eh! Nani anasafisha sasa?

Jiwe Hai: Mimi. Sikutaka mtu ajue.

Fundi: Na umetuambia wote humu. 😂

Nyuma Kabisa: Fundi, habari ya benchi bado hujaniomba radhi.