Nguzo inainama kwa sababu udongo unatembea, acheni kuivuta kwa kamba!

Wakuu, nimechoka kunyamaza. Nguzo ya umeme iliyo mteremkoni nyuma ya nyumba yangu imelalia tena upande wa bondeni. Mara ya tatu hii. Mafundi huja, wakaivuta kwa kamba, wakashindilia mawe, wakaondoka. Nikiuliza naambiwa ni upepo. Upepo gani huo unaovuma upande mmoja miaka yote?

Safari hii niliazima timazi kwa fundi mwashi, ule uzi wenye kipande cha risasi wa kupimia wima. Siku waliyoinyoosha, uzi uligusa nguzo kutoka juu hadi chini. Baada ya misimu miwili ya mvua, ukiutundika mita 2 kutoka ardhini, risasi inaning'inia sentimita 9 mbali na nguzo. Udongo umejirundika upande wa mlimani. Waya unaotoka juu umekaza kama uzi wa zeze, na unaoshuka kwangu umelegea kiasi kwamba nikiinua jembe naogopa. Watoto wanapita hapo!

Udongo wa mteremkoni hautulii. Ukilowa unavimba na kujisukuma nje. Ukikauka unasinyaa na kushuka kwa uzito wake, kwa hiyo haurudi ulipotoka, unakaa chini kidogo ya pale. Ni milimita chache kwa mwaka, pengine sentimita moja au mbili, jicho halioni. Tabaka la juu ndilo linalokwenda haraka, la chini karibu halisogei. Sasa fukia nguzo humo: kiuno kinasukumwa, kitako kinabaki. Itaacha kuinama vipi?

Kinachoniuma zaidi ni miti. Ile iliyo jirani na nguzo imepinda shinani kama goti, halafu ikasimama wima. Mti ulio hai ukisukumwa hujirekebisha unapokua; nguzo haikui, inalala tu. Mafundi wameiwekea miti hiyo alama ya rangi ili ikatwe, eti itaangukia waya. Ni kweli mti unaweza kupinda ukiwa mchanga kwa kutafuta mwanga, lakini miti, uzio na nguzo vyote vikilalia bondeni, tatizo ni ardhi. Mizizi hiyo ndiyo inayoushika huo udongo. Ikatwe, ioze, halafu mtamvuta nani kwa kamba?

Nguzo ya mita 9 kwa kawaida hufukiwa kama mita 1.5. Kwenye tambarare sawa. Hapa kitako kipite tabaka linalosogea, ichimbwe mifereji ya kukinga maji upande wa juu, na ifungwe stei, yaani waya wa kuishikilia, ya kuvutia mlimani. Wakishindwa, waihamishe. Haya yote nimeandika kwa barua mara mbili, sijajibiwa.

Aliyewahi kufanikiwa kuhamishiwa nguzo aniambie alipitia wapi. Wanakuja Alhamisi kukata miti.