Acheni kuita kila kitu "mafunzo", mnatuumiza!

Wakuu, nina hasira tangu Ijumaa na nisipozimwaga hapa nitapasuka.

Ijumaa kazini tumekuta karatasi imebandikwa mlangoni: "Saa nne asubuhi kutakuwa na mafunzo ya moto. Watumishi wote mhudhurie." Mimi mtiifu nikachukua daftari na kalamu mbili, nikaenda zangu ukumbini. Tulikuwa kama kumi na wawili, tumekaa tunamsubiri mwezeshaji. Saa nne na dakika tano king'ora kikalia. Hakuna aliyeinuka. Jamaa mmoja nyuma akasema, "Ameanza na sauti, safi." Baada ya robo saa akaingia mlinzi anahema, orodha ya majina mkononi, akatuambia sisi ndio tuliokufa. Wenzetu wote wako nje wamepanga mstari wanahesabiwa.

Jumatatu nimepewa barua ya onyo. Eti nimepuuza mafunzo. Mimi niliyekwenda na daftari!

Sasa nisikilizeni. Lile lilikuwa ZOEZI. Zoezi la kujiokoa. Mafunzo ya moto ni pale unaposhikishwa mtungi wa kuzimia moto, unaonyeshwa pini inachomolewa vipi, unaambiwa elekeza kwenye kitako cha moto na si kwenye ndimi, na ukikosea unaambiwa rudia. Unatoka pale unajua kitu ambacho asubuhi hukukijua. Zoezi halikupi jipya, linakuzoesha ulichokwisha kufundishwa mpaka miguu ianze kwenda yenyewe. Neno lenyewe linapiga kelele: zoea, zoeza, zoezi. Na hao wenzetu waliotoka nje walijuaje? Waliona wengine wanakimbia. Mitungi hawajawahi kuigusa, ipo ukutani tangu niajiriwe.

Lakini hilo la moto ni dogo. Linaloniuma ni la kabla yake.

Kazi yangu ya kwanza nilipewa barua ya "miezi sita ya mafunzo". Nikafurahi, nikajua nitashikwa mkono. Siku ya kwanza nikaonyeshwa kiti, nikapewa nywila iliyoandikwa nyuma ya risiti, na yule dada aliyekuwa akikalia kile kiti akaondoka siku hiyohiyo. Basi. Foleni ya wateja iko mbele yangu. Mkufunzi hayupo, mtaala haupo, wala mtu wa kuniambia "hapa umekosea" hayupo, ila mteja mwenyewe na matusi yake. Mwisho wa mwezi nauliza mshahara, naambiwa, "Wewe si uko mafunzoni?" Miezi sita, wakuu. Kosa likitokea mimi ni mtumishi, hela zikitoka mimi ni mwanafunzi.

Kiswahili hakijashindwa kutaja hayo mambo. Ukimwajiri mtu ili umpime kama anafaa, hicho ni kipindi cha matazamio, naye analipwa. Kijana akikaa na fundi, anashika spana fundi anatazama, huo ni uanagenzi. Daktari aliyemaliza chuo na sasa yuko wodini chini ya wakubwa zake, huo ni utarajali. Aliyetoka chuoni kwenda kuona kazi ilivyo, mafunzo kwa vitendo. Na aliyeko kazini akapelekwa kunolewa, mafunzo kazini. Kila neno linabeba swali lake: nani anasimamia, nani analipa, ukimaliza unakuwa nani. Ndiyo maana wajanja hawayataki. Wanachukua "mafunzo" tupu, bila mkia, kwa sababu halimbani mtu.

Zile siku moja za kukaa kwenye viti mtu anasoma slaidi ambazo sote tunaziona, halafu picha ya pamoja na cheti, hiyo ni semina. Tusipoteze muda nayo.

Kuna watakaosema lugha inakua, neno moja linaruhusiwa kuwa na maana nyingi. Nakubali, tena "mafunzo" lina maana moja ambayo bara wengi hawaijui: Zanzibar jela inaitwa Chuo cha Mafunzo. Hata timu yao ya mpira inaitwa Mafunzo. Mtu akikwambia kaka yake yuko Mafunzo, usikimbilie kumpongeza. Lakini pale hakuna anayedanganywa, kila mtu anajua kinachosemwa. Vilevile "mkufunzi": Tanzania huyo anafundisha chuo cha ualimu, ukivuka kwenda Kenya unamkuta kwenye habari za michezo ameshika filimbi, ambaye sisi tunamwita kocha. Sawa tu, unazoea. Mimi silalamikii maana nyingi, nalalamikia kufichwa nyuma ya maana.

Na serikali yenyewe inajua tofauti. Sheria ya mwaka 1994 iliyoanzisha VETA imeipa jina la Mamlaka ya Elimu NA Mafunzo ya Ufundi Stadi. Sera nayo ni ya Elimu NA Mafunzo, ile ya 2014 toleo la 2023. Hiyo "na" haikuwekwa kujaza karatasi. Elimu inakupa kujua, mafunzo yanakupa kuweza. Mimi miezi sita sikupewa hata kimoja.

Halafu wafasiri wa programu za simu nao wana lao. Nimepakua moja ya mazoezi ya mwili, naifungua naambiwa: "Anza treni yako ya leo." Treni! Nipande behewa la ngapi? Najua ilikotoka. Kiingereza neno lao la kufunza ni "train", wamelitoa kwa Wafaransa, asili yake ni kuburuta, ndiyo maana neno hilohilo kwao ni garimoshi linalokokota mabehewa, ni mkia wa gauni la bi harusi unaofagia sakafu, na ni kumnoa mtu. Picha yao ni kuvuta. Sisi picha yetu nyingine kabisa. Letu limetoka kwenye kufunda, ukoo mmoja na fundi, fundisho na mwanafunzi. Kumfunda mwari ni kumketisha ndani na kungwi wake, anaambiwa na anaonyeshwa mpaka anatoka mtu mwingine. Ndiyo tukasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na hakuna mama aliyetoa cheti cha ushiriki. Neno zito hivyo leo limekuwa la kubandikia watu kazi za bure. (Na ndiyo, funza wa mguuni naye yupo, msinikumbushe. Huyo naye huingia taratibu, akanenepa kwa gharama yako.)

Juzi nimeona hata akili unde, hii AI, "inafunzwa". Kuirundikia mashine maandishi mpaka ishike mwenendo mimi ningeona ni kuizoesha, lakini nimeamua kunyamaza. Angalau mashine wamekaa nayo na makosa yake wameyasahihisha. Mimi niliachiwa nywila nyuma ya risiti.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi huu usiku huu. Baada ya ile barua ya onyo, leo jioni imekuja nyingine: "Umechaguliwa kuhudhuria mafunzo ya siku kumi na nne kuanzia Jumatatu." Nimejibu kwa adabu zote, nimeuliza ni mafunzo ya nini, mkufunzi ni nani, na je siku hizo zinahesabiwa kazini au likizo.

Nimejibiwa neno moja: "Mafunzo."