Mwaka 2025 na daraja la Kigongo–Busisi: tupeane uzoefu wa foleni ya kivuko

Mwangaluka wakuu.

Juni 19, 2025 Rais Samia alifungua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, na kuvuka kutoka Misungwi kwenda Sengerema kukawa jambo la dakika chache. Magufuli aliweka jiwe la msingi Desemba 2019, akafariki Machi 2021 bila kuliona limekamilika. Habari za urefu na mabilioni tumezisikia za kutosha. Mimi nataka zenu za kabla ya hapo: mlikaaje Kigongo mkisubiri kivuko, mlikula nini, mlikosa nini?

Naanza. Nilikuwa nasoma Mwanza, kwetu Geita. Likizo ikifika basi linatoka Nyegezi vizuri, Usagara mnakata kulia, mnafika Kigongo mnakuta malori yamepanga mpaka huyaoni mwisho. Konda anapiga kelele, "Shukeni wote, tunavuka kwa miguu!" Kuku wanabaki kwenye buti, bibi mwenye kikapu anashuka. Abiria mnaingia kivukoni kivyenu, macho yote kwenye basi lenu lisije likaachwa ng'ambo. Kama unawahi msiba, hapo ndipo roho inapouma. Mjomba wangu tulimkuta ameshazikwa.

Aliyewahi kuwa konda: Mkuu umenikumbusha mbali. Watu walidhani tunapenda ile foleni. Abiria anakutukana wewe kana kwamba kivuko ni cha mama yako! Kikiharibika, dereva anaanza kuwaza azunguke Shinyanga na Kahama au asubiri, na mafuta ni hayo hayo. Saa ya kufika Bukoba tulikuwa tunaisema kwa makisio tu. Siku hizi abiria akiniuliza mtafika saa ngapi, najibu bila kumeza mate.

Mama wa Busisi: Nyie mnashangilia, sisi foleni ndiyo ilikuwa shamba letu. Sato wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, karanga, maji, kila gari lililosimama lilikuwa na mtu mwenye njaa. Nimesomesha watoto hapo. Lilipofunguliwa daraja, kesho yake nikaamka na beseni langu kama kawaida, barabara ya kivukoni kimya. Magari yanapita juu, hayasimami. Sasa nauza kwenye kijiwe cha bodaboda, nasukuma siku. Silichukii daraja, mjukuu wangu amepelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, usiku na akawahi. Ila msiseme kila mtu alipata.

Wa Sengerema mjini: Pole mama, na ahsante kwa kusema. Mimi nitasema la upande wa pili. Mke wangu alishikwa uchungu wa mtoto wa kwanza, akapewa rufaa ya kwenda Mwanza. Gari la wagonjwa hupewa nafasi mbele, hilo nakubali, lakini kupewa nafasi mbele hakusaidii kitu kama kivuko chenyewe kiko ng'ambo, bado kinapakia. Tulisimama ukingoni tunaziangalia taa zake. Mama mmoja asiyetujua alimshika mke wangu mkono muda wote, akimwambia, "Vumilia mwanangu, kinakuja." Mtoto alizaliwa salama, Mungu ni mwema. Tangu daraja lifunguliwe nimevuka mara nyingi na bado pale katikati napunguza mwendo bila kukusudia.

Mzee wa Kirumba: Vijana mnaongea kama kivuko kilikuwa gereza. Mimi kama siendi mbali napita kivuko cha Kamanga mpaka leo, naingilia pale pale mjini, upepo unanipiga, naongea na watu. Kwenye daraja nitaongea na nani? Biashara nyingi za dagaa na ng'ombe zilianzia kivukoni, na hata wachumba wamepatikana humo.

Aliyewahi kuwa konda: Mzee, wachumba tena! Tuelezee vizuri hiyo.

Mzee wa Kirumba: Mama watoto yupo hapa anasoma. Tuendelee na mada.

Mwanzisha mada: Mama wa Busisi, wenzako uliokuwa nao wamekwenda wapi? Nasikia wengine wamehamia Usagara njia panda. Na kuna yeyote aliyekuwa anafanya kazi ndani ya vivuko, MV Misungwi au MV Mwanza? Upande wenu haujasemwa hapa hata kidogo.