Kitabu cha muvi ya Mars "toleo la watoto" ni PANKI, kichwa na mifupa ya samaki tu, minofu wamebaki nayo wenyewe!!

Wakuu habari za jioni, nina hasira so mnivumilie na uandishi wangu.

Kuna muvi moja ya watu waliokwama Mars, tuliicheki na mpwa wangu wa darasa la sita kwenye banda umiza hapa Igoma, ile yenye sauti ya DJ wa Kiswahili. Dogo akapagawa, wiki nzima nyumbani ni Mars Mars tu. Nikasikia ina kitabu chake cha watoto, nikasema hapa ndo pa kumtoa kwenye simu, nikamwagiza jamaa anayetoka Dar, 28,000 yangu ikaenda.

Herufi kubwa kama tangazo la mnada, sawa, ni cha watoto. Ila ndani HAMNA KITU. Akaamka. Akakimbia. Mlango ukafunguka. Akaogopa. Basi!

Kwenye muvi dada mmoja kati ya waliokwama anamtumia mama yake ujumbe halafu anakaa kusubiri, maana ishara kutoka Mars mpaka duniani inachukua kama dakika 3 mpaka 22 inategemea sayari zimekaaje, na hapo ni kufika tu, jibu nalo lisafiri hivyohivyo kurudi. Bandani kulikuwa kimya mpaka muuza karanga akakaa chini. Kwenye kitabu sasa? Anapiga stori na mama yake kama wako kwenye videokoli! Dogo ndo akaniuliza, "Anko, mbona mama anajibu haraka hivi, naye kahamia Mars?" Mtoto wa miaka 12 kaona, mhariri na mshahara wake hajaona.

Na asije mtu hapa kuniambia vitabu vya muvi ndo vilivyo. Cha Star Wars kilitoka 1976, muvi ikaja 1977, watu walikisoma kabla hawajaona chochote na kilikuwa kitabu kweli (aliyeandika ni Alan Dean Foster, ila jaladani wakaweka George Lucas, hayo mengine).

Kinachoniuma zaidi ni yule DJ. Sidhani hata anajua Mars iko upande gani, ila pale dada anaposubiri alituwekea mawazo yake, "hapa anajiuliza, nikifia huku nani atamwambia mama", watu wakafuta machozi. Kuingia kichwani mwa mtu si ndo kazi ya kitabu jamani? Leo kinapigwa bao na DJ mwenye maiki ya kuungaunga, eti kwa sababu msomaji ni mtoto basi haelewi.

Sisi wa Mwanza tunalijua panki, minofu ya sangara inapanda ndege sisi tunabaki na kichwa na mifupa. Na bora hata panki, ukilikaanga vizuri lina utamu wake.

Dogo kaishia ukurasa wa 31, hakitaki tena. Anayekihitaji nipo Buzuruga, nakitoa kwa 10,000 au hata kisado cha dagaa wa Ukerewe, wasiwe na mchanga tu.